Bakuli za Tambi Mezani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye treni ya Bukama akiwa na kikapu cha samaki wakavu kichwani, na kabla hajamsalimu mwanawe wala mimi, macho yake yakatua kwa binti yangu. Yakakaa hapo. Mume wangu alikuwa amemshika mtoto mkono, na mimi nilikuwa nyuma yao kidogo, nimefunga kitambaa kipya ambacho nilikuwa nimekifungua na kukifunga tena njia nzima.

Binti yangu alikuwa na miaka kama saba. Rangi yake ilikuwa nyepesi, macho yake membamba, na Likasi hakukuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa alikotoka. Watoto kama yeye walikuwapo, si wengi, tangu Wajapani walipokuja kuchimba shaba upande wa mpaka wa Zambia. Watu walimtazama yeye, wakanitazama mimi, wakamaliza hesabu yao wenyewe. Wengine walinyamaza. Wengine walisubiri nipite ndipo waseme.

Mume wangu alijua kila kitu. Nilimweleza kabla watu wake hawajafika kwetu kuposa, kwa sababu sikutaka aje kuelezwa na jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mtoto anapenda kula nini, na juma lililofuata akaja na maziwa ya kopo. Ndiye aliyempeleka kubatizwa, na shuleni aliandikwa kwa jina lake. Alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya gari moshi kule Shituru, mtu wa maneno machache, na uchache huo wa maneno ndio ulionitia taabuni. Alikuwa amemwambia mama yake tu kwamba mke wake ana mtoto mmoja aliyekuja naye. Mtoto wa namna gani, hakusema. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba mama ataona mwenyewe.

Basi, mama aliona. Mtoto akapiga magoti pale pale kwenye saruji ya gare, yaani stesheni, akamsalimu kama nilivyomfundisha. Mama mkwe akaitikia, akamgusa bega kwa ncha za vidole, halafu akamgeukia mwanawe akauliza nyumba iko mbali kiasi gani.

Tulikaa kwenye nyumba za kampuni, karibu na kiwanda cha shaba, mahali ambapo ukianika nguo nyeupe unapaswa kwanza kuangalia moshi unaelekea wapi. Nilimpa mama chumba chetu. Nilimpashia maji ya kuoga, nikampikia sombe, majani ya muhogo, na samaki aliokuja nao, nikamtandikia mkeka mahali penye kivuli. Hakunikosea heshima hata mara moja. Alishukuru kwa kila kitu. Lakini mtoto alimwita "weye, mutoto," wala hakumwita kwa jina, na mtoto alipomkaribia, alikunja mikono mapajani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu dukani. Wakati huo huo alikuwa akimwangalia. Mtoto akiwa anaruka kamba uani, akiwa anafanya kazi ya shule, akiwa amelala, mama mkwe alikuwa akimwangalia tu.

Binti yangu aliniuliza kama nkambo, yaani bibi, ni mgonjwa. Nikamwambia amechoka na safari. Nilipomuuliza mume wangu mama yake ananifikiria nini, alisema mama amekuwa hivyo siku zote, na mimi nilijua si kweli, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchelewa kurudi kutoka kazini.

Jumapili tulitarajia wageni. Kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa karani kwenye ofisi mjini, angekuja na mke wake na watoto wao kumsalimu mama. Chakula cha Jumapili mbele ya mama mkwe na shemeji mkubwa si chakula cha kubahatisha. Na juma hilo ndilo lililokosa unga. Mgao wa kampuni ulikuwa haujafika. Jumamosi nilikwenda soko la Kikula toka asubuhi, nikazunguka meza za unga zote, wanawake wakinionyesha magunia matupu kabla sijafungua mdomo. Nilichopata ni unga wa ngano kwa mwanamke anayekaanga mikate midogo ya mafuta kando ya barabara. Aliniuzia kwa huruma, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yake bila kuomba ruhusa.

Nyumba ya Katanga bila bukari, ugali wetu, siku ya wageni! Mume wangu alisema nikaange mikate kama yule mama. Nikamwambia mama yake hakupanda treni kutoka Bukama kuja kula mikate ya kwenye barabara. Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga za lengalenga. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, tupike chakula chetu."

Chakula chetu kilikuwa tambi za mchuzi, za Kijapani, au tuseme za Kijapani kwa kadiri ya soko la Kikula. Tulizipika siku ambazo tulikuwa wawili tu, mume wangu akiwa zamu. Yeye aliziita makaroni ya maji, akala kwa adabu akibakishiwa, lakini sikuwahi kumwekea mgeni. Chakula hicho kilikuwa kinasema mambo yangu kwa sauti, nami nilitaka yakae kimya.

Nilikijua kutoka kwa mwanamke mmoja. Nikiwa msichana nilifanya kazi kule mgodini, nyumbani kwa mhandisi wa Kijapani aliyekuja na mke wake. Wengi wa wenzake walikuja peke yao. Yule mama alikuwa mdogo, hakujua Kifaransa, hakujua Kiswahili, na mimi sikujua lugha yake, kwa hiyo tulizungumza kwa unga. Alikanda, nami nikakanda. Alinipiga kidogo mkononi nikiweka maji mengi. Kwao walitumia samaki wadogo waliokaushwa kutengeneza mchuzi, na siku nilipomletea dagaa wa ziwani kutoka sokoni, alinusa kikapu, akakaa chini, akalia. Nilidhani nimemkosea. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amefika nyumbani kwao kwa njia ya pua.

Baba wa binti yangu alikuwa fundi wa mashine aliyekuja kula kwenye nyumba hiyo Jumapili. Alikuwa mpole. Mkataba wake ulipokwisha, aliondoka pamoja na wengine, na alisema atarudi. Sikumwita mwongo wakati ule na simwiti hivyo sasa. Hakurudi tu. Mimi nilirudi Likasi kwa mama yangu nikiwa na mtoto ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Jumapili baada ya misa ya kwanza niliwasha mbabula mbili, majiko ya makaa, uani. Kwenye moja niliweka mifupa ya kuku. Unga niliukanda kwa maji ya majivu niliyoyachuja usiku uliotangulia, yale yale tunayolainishia majani magumu. Yanaufanya unga uwe wa manjano kidogo na tambi ziwe na mvuto, zisikatike ovyo. Huo unga hauna huruma na mikono. Binti yangu aliufunga kwenye kitambaa safi, akavua viatu, akaukanyaga, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Alikuwa akikanyaga na kuimba wimbo wa komunyo.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea. Nilimwona mtoto akiacha kuimba, ndipo nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akitazama miguu ya mtoto juu ya chakula cha wageni.

Nilikuwa na dagaa kwenye ungo mapajani, nikaendelea kuwatoa vichwa na matumbo, mmoja mmoja.

Alivuta kigoda akakaa karibu nami. Alichukua samaki mmoja, akamvunja kichwa kwa kidole gumba, akamtoa tumbo kwa mara moja, kwa wepesi wa mtu aliyezaliwa kando ya maji. Akachukua mwingine. Tulifanya kazi hivyo kwa muda. Kisha akauliza:

"Nani alikufundisha kutoa kichwa?"

"Mama moja wa Kijapani, kwenye nilikuwa natumika. Alisema kichwa na tumbo vinaleta uchungu mu supu."

"Ni kweli. Ata ku Bukama tunatoa." Alivunja kichwa kingine. "Na baba ya huyu mutoto, iko wapi?"

Mtoto alikuwa bado juu ya kitambaa chake. Nilimtuma akachote maji bombani, na alipotoka nikamweleza mama yote, kwa utaratibu ule ule niliomweleza mwanawe. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho hakuniuliza niliyoyatarajia, kama nilikuwa nimeolewa, kama wazazi wangu walikubali, kama paroko alijua. Aliuliza jambo moja tu.

"Atarudia kumuchukua?"

"Hapana, Mama."

"Unajua namna gani? Siku moja anakuja pa mulango, na gari, na makaratasi. Anasema nipe mutoto wangu. Utafanya nini?"

Nilimwambia kwamba hajui hata tunakaa mji gani, na kwamba kule mgodini wenyewe wameanza kurudi kwao. Nikamwambia pia, na hili sikuwa nimelipanga, "Mutoto iko na baba yake, Mama. Iko ku Shituru anatengeneza umeme. Mutoto hajue mwengine."

Aliweka ungo chini. Akanieleza, huku akitazama mbabula, kwamba kabla hajamzaa mume wangu alilea mtoto wa dada yake aliyefariki kwa uzazi. Alimlea toka siku ya kwanza, kwa uji na maziwa ya kuomba. Mtoto alipokuwa na umri kama wa binti yangu, watu wa upande wa baba yake walikuja kwa mtumbwi. Haki ilikuwa yao, wazee wote walikubaliana. Walimwambia mtoto asigeuke nyuma, na mtoto alikuwa mtiifu. Mama mkwe wangu alisimama majini mpaka kiunoni akimwita, na yule mtoto hakugeuka.

"Siku ile ku gare," akasema, "niliona mwana wangu anamushika mukono. Anamushika kabisa. Nikasema mu roho, na huyu batamuchukua, na mwana wangu atakuwa kama miye. Nikasema, afazali nisimuzoee."

Siku zote hizo nilidhani anahesabu aibu yangu, kumbe alikuwa akihesabu hasara ya mwanawe. Nilisikia kitu kikilegea mgongoni mwangu, hapa kati ya mabega, mahali nilipokuwa nimeshikilia toka treni ilipoingia, na labda toka miaka mingi kabla ya treni. Nilijifuta uso kwa mkono wenye harufu ya samaki. Mama akanipa upindo wa kitenge chake.

"Fanya supu," akasema. "Wageni banakuja."

Tukafanya supu. Yeye alisimamia dagaa, akiwachemsha taratibu, akinizuia nisiongeze moto. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi karibu kuungua, nikatia tangawizi na chumvi, kwa sababu ile sosi nyeusi ya Wajapani sikuiona tena toka nilipotoka kwao. Nilichanganya mchuzi wa kuku na wa samaki. Nikasukuma unga kwa chupa, nikaukunja, nikaukata kwa kisu kikubwa, na mtoto akazitenganisha tambi na kuzinyunyizia unga. Mama alitaka kuonja. Nilimchemshia chache, nikamwekea kwenye kikombe, akaunguza mdomo. Mtoto akamwambia, kwa upole sana, kwamba zinavutwa pamoja na hewa, hivi, ili zipoe njiani. Akamwonyesha. Mama akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu anayetuangalia, akajaribu, mchuzi ukamrukia shavuni. Binti yangu alicheka, akajiziba mdomo, halafu akaona kwamba nkambo naye anacheka.

Shemeji alifika saa saba, amevaa abakosti, suti yake ya kijivu isiyo na tai, na mke wake na watoto wao watatu wamepakwa mafuta wakang'aa. Mume wangu alikuwa amewapokea na alikuwa akizungumza kuliko kawaida yake, jambo lililonionyesha jinsi alivyoogopa. Bakuli hazikutosha. Tulikuwa na bakuli za chuma zenye maua, nyingine nimeazima kwa jirani, na watoto walipewa vikombe vikubwa. Katika kila bakuli niliweka tambi, lengalenga, nusu ya yai la kuchemsha na vipande vya kuku, nikamwaga mchuzi wa moto juu.

Shemeji alitazama bakuli lake, akauliza bukari iko wapi. Hakuuliza kwa ubaya; alikuwa mtu aliyekula bukari kila siku ya maisha yake. Mume wangu alifungua mdomo kueleza habari za unga, lakini mama akatangulia. Alisema leo tunakula chakula cha huyu muke wa mwana wake, na kwamba tuombe kabla hakijapoa. Akaomba yeye mwenyewe, kwa Kiluba, na sala ilikuwa fupi.

Tukaanza kula. Wakubwa walizungusha tambi kwenye uma, watoto walipigana nazo. Halafu ukasikika mvuto mrefu. Ni binti yangu. Alikuwa ameinamia bakuli lake, akivuta kama nilivyomfundisha tukiwa wawili, na katika nyumba yetu ndogo sauti ile ilijaa pande zote nne. Mke wa shemeji aliwatazama watoto wake kwa jicho la kuwaonya wasiige. Shemeji akaweka uma chini.

"Nani alimufundisha huyu kula na makelele?" akauliza.

Mume wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko cha kugawia, na mtoto alikuwa ameacha kula, tambi moja inaning'inia kwenye kidevu.

Mama mkwe aliinua bakuli lake kwa mikono miwili mpaka mdomoni, akavuta tambi kwa sauti kubwa kuliko ya mtoto, akatafuna bila haraka, akameza.

"Ya moto inakuliwa hivi," akamwambia mwanawe mkubwa. "Usipovuta, inakuunguza. Mujukulu wangu alinionyesha."

Akarudi kwenye bakuli lake kana kwamba hakusema kitu chochote. Mjukuu wangu. Neno hilo alilisema jinsi mtu anavyoomba apewe chumvi. Shemeji alimtazama mama yake, akatazama bakuli, na kwa kuwa alikuwa mtu mtiifu chini ya ile abakosti, akavuta. Watoto wake hawakusubiri ruhusa tena. Kwa muda hapakuwa na mazungumzo mezani, ila mvuto wa kila namna, na mke wa shemeji peke yake ndiye aliyeshika uma wake mpaka mwisho, akaomba aongezwe mchuzi.

Mume wangu alisimama akasema anakwenda kuangalia waya wa taa ya nje. Ile taa ilikuwa nzima. Nilimpa muda, kisha nikamfuata na beseni la vyombo. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono kichwani, akipumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Aliniuliza nilimwambia nini mama. Nikamjibu kwamba nilimwambia yale ambayo yeye alipaswa kumwambia. Akakubali. Akachukua beseni kutoka mikononi mwangu, akaosha vyombo vyote bombani mbele ya majirani, akiwa na suruali yake ya Jumapili, na hakujali.

Shemeji na watu wake walipoondoka, nilikaa jikoni, nikanyoosha miguu. Mwili wote ulikuwa umelegea kwa raha, kama baada ya homa kutoka. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, amembana binti yangu katikati ya magoti yake, na kichana mdomoni. Alikuwa anataka kumsuka. Nywele za mtoto yule zilikuwa laini, nzito, hazishikani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekata tamaa nazo, nilizifunga tu kwa utepe. Mama alisuka msuko mmoja, ukateleza ukafunguka. Akasuka tena. Nilimsikia akilalamika, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, kwamba nywele gani hizi, zinakimbia kama samaki, keshokutwa atalazimika kutafuta uzi mweusi Kikula, na kwamba mtoto akae vizuri, asitikise kichwa. Mtoto alilalamika naye kwamba anavutwa. Mama akamwambia kwao ni hivyo, wanawake wote wanavutwa.

Alilalamika mpaka jua likashuka nyuma ya bomba za kiwanda, jinsi mtu anavyolalamikia kitu chake mwenyewe. Nilifumba macho nikawasikiliza, na sikuwa na haraka ya kuinuka.